Mama Pindo na Ngazi ya Chini ya Kitanda

Dada yangu mkubwa huvaa futi ya kupimia shingoni kama wanawake wengine wanavyovaa mkufu. Anakwenda nayo sokoni, anakwenda nayo zahanati, na mara moja alikwenda nayo mazikoni. Tulipofika makaburini ndipo alipoishika shingoni akashtuka, ikabidi aifiche ndani ya mtandio mpaka tuliporudi. Tangu utoto wangu sijamwona bila futi ile isipokuwa anapooga na anapolala, na hata akilala anaining'iniza kwenye msumari ulio karibu na mto.

Watu wanamwita Mama Pindo. Hana mtoto anayeitwa hivyo. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu anaweza kuwa upande wa pili wa barabara akamwona mtu amevaa gauni, akasema, "Pindo la yule limeshuka kushoto." Na wewe ukishaambiwa, gauni lile huwezi tena kulivaa kwa raha mpaka umpelekee alirekebishe.

Ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado mdogo, na dada alinisomesha mpaka darasa la saba kwa cherehani ya miguu. Usiku na mchana alikanyaga. Miguu yake siku zile ilikuwa kama ya mkimbiaji. Sasa mimi ni fundi rangi, mtu mzima mwenye mvi, sikubahatika kuoa, na yeye mume wake alishatangulia mbele ya haki. Tunaishi pamoja katika chumba kimoja. Katikati tumeweka pazia alilolishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kazini, ndiyo maana lina rangi zote. Yeye analala upande wa dirisha, mimi upande wa mlango.

Mimi ananiita Bubu, kwa kuwa si msemaji.

"Bubu," huniambia jioni, "maneno yako unayaweka akiba kila siku. Yakijaa utayanunulia nini?"

Kazini kwake alikuwa mkataji. Katika jengo la mafundi, wa kushona wamejaa tele, lakini wa kukata ni wachache, maana mshono ukikosea unafumuliwa, ila kitambaa kikishapita mkasi hakirudi. Mafundi karibu wote wa jengo lile walimletea vitambaa vyao awakatie. Meza yake ilikuwa chini kabisa, karibu na mlango, ndefu, imelainika kwa miaka ya vitambaa kupita juu yake. Ukiingia unamwona yeye kwanza. Anainua macho, anatazama nguo uliyovaa, halafu ndipo anakusalimu.

Kilichomwangusha ni starehe. Mafundi walipoanza kutumia cherehani za mota, yeye naye alinunua moja, na ile ya miguu tukaileta nyumbani ikawa meza ya kuwekea redio na jagi la maji. Tangu siku ile miguu yake ilistaafu. Akikata anakata ameegemea meza, akishona anabonyeza kwa kidole gumba cha mguu tu, basi. Mwili ukaanza kuongezeka. Mwanzoni hakujali, kwa sababu fundi mzuri huacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya pembeni. Akawa anafumua pembeni na kutanua. Anafumua na kutanua. Mpaka siku moja nikamsikia nyuma ya pazia akisema peke yake, "Akiba imekwisha."

Ndipo mwenye jengo akaamua kuwa chini yawekwe maduka ya simu. Mafundi wote wakahamishiwa ghorofa ya nne. Lifti jengo lile halijawahi kuwa nayo.

Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia. Vijana wa kubeba mizigo waliipandisha meza yake, wakapandisha mashine. Mimi nilibeba pasi, yeye akabeba mkasi wake tu. Ngazi za kwanza alipanda akizungumza. Za pili akanyamaza. Kabla ya kufika ghorofa ya pili akashika ukuta, kisha akakaa hapohapo kwenye ngazi, kifua kinapanda na kushuka, na midomo imepauka. Watu walipita na cherehani juu ya kichwa chake, "Samahani mama, samahani mama."

Yupo fundi mmoja hushona suti za maharusi, nadhifu sana, tunamwita Fundi Suti. Alichungulia kutoka juu, akapiga kelele:

"Mama Pindo, tukuteremshie kamba?"

Ngazi nzima wakacheka. Dada naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa karibu, niliona mkono wake umeishika futi kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Tukateremka.

Zahanati daktari alimpima kwa muda mrefu. Alikuwa binti mdogo tu, mpole. Akasema, "Moyo wako ni mzima, mama. Ila umekaa mno. Mwili umesahau kazi. Fanya mazoezi kila siku, kidogokidogo, uwe unaongeza. Mazoezi mazuri ni yale ambayo bado unaweza kuongea huku unafanya. Ukibanwa kifua au ukisikia kizunguzungu, acha uje unione."

"Mwanangu," dada akamwambia, "nikimbie barabarani na mwili huu? Watu watauliza mwizi amepita wapi."

Daktari akacheka. "Basi fanya nyumbani."

"Nyumbani kwetu, mimi na huyu mdogo wangu tukigeuka wote kwa pamoja, mmoja anajikuta nje."

Haikupita wiki, mwenyekiti wa mafundi akaja kututembelea. Ni mtu wa heshima, na kiti hatuna nafasi ya kuweka, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliuliza hali, akasifu pazia, akakohoa. Halafu akasema:

"Mama, sisi tunakuheshimu, unajua. Lakini meza ya kukatia iko juu, na mwenyewe yuko chini. Sare za shule zikianza kuja lazima pawe na mtu pale. Fundi Suti ameshaiomba meza."

"Ameiomba tu, au ameshaipima?"

Mwenyekiti akatazama chini. "Ameshaipima."

"Mwambie asiweke chaki yake pale. Sare zikija, nitakuwa juu nazisubiri."

"Utapandaje, mama?"

"Kwa miguu. Ulidhani nitaruka?"

Alipoondoka, dada alivuta pazia. Nilimsikia akifungua na kufunga mkasi hewani, kacha, kacha, bila kitambaa. Nilielewa. Bila ile meza angebaki kuletewa nguo za watu nyumbani apige pindo kwa mkono, moja moja, amekaa kitandani. Pindo ni jina lake, lakini kukata ndiyo maisha yake.

Siku zile nilikuwa napaka rangi nyumba ya mama mmoja mtaa wa pili. Nikiwa nahamisha vitu stoo, nilikuta kitu kidogo cha chuma, kizito, ukubwa wake hauzidi wa mizani ya dukani. Kina vikanyagio viwili, kimoja kikishuka kingine kinapanda. Nilikizunguka mara kadhaa. Mwishowe nikajikaza nikamwuliza mwenye nyumba ni kitu gani.

"Hiyo ni ngazi," akasema. "Unapanda, unapanda, hufiki. Niliinunua nipungue, ikapunguza mkoba wangu tu. Unaitaka? Ichukue! Kila nikija kutafuta ufagio inanigonga vidole."

Nikaibeba mpaka nyumbani begani. Dada akainua macho.

"Umeleta nini, Bubu? Mtego wa panya?"

"Ngazi."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote."

"Basi mtaelewana."

Lakini nilipomwonyesha kwa mkono jinsi inavyoshuka na kupanda, hakutania tena. Aliivua futi shingoni akaanza kupima chumba. Alipima kati ya kabati na ukuta, haikutosha. Akapima upande wangu, ikawa mlango haufunguki kabisa. Mwishowe akapata mahali pamoja tu, kati ya miguu ya kitanda chake na ile cherehani ya zamani, na hapo ilitosha kama kifungo kwenye tundu lake. Akisimama juu yake angeweza kushika ukingo wa meza ya cherehani asianguke. Mlango ungefunguka nusu, anayeingia aingie ubavu. Akimaliza, inasukumwa chini ya kitanda, kati ya sanduku na beseni.

Akavua viatu. Akapanda. Na hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuona mtu mwingine akilifanya. Aliibana miguu yote miwili pamoja, akakandamiza vidole, halafu visigino, vidole, visigino, miguu yote kwa mara moja. Na mkono wake wa kulia ukaenda mbele, ukazungusha gurudumu ambalo halipo.

Mashine haikusogea.

"Imekufa hii," akasema.

"Dada," nikamwambia, "hiyo si cherehani."

Akautazama mkono wake uliokuwa bado hewani. Akaanza kucheka. "Mmoja mmoja basi?" Akaweka uzito mguu wa kulia, kikanyagio kikashuka ghafla, akapiga ukelele akashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Kamba ikakatika, soksi zangu na suruali ya kazi zikamfunika kichwa, tukaanguka wote kitandani tukicheka mpaka machozi. Sikumbuki lini tulicheka hivyo mara ya mwisho.

Kesho yake nilihamisha kamba. Yeye akatia mafuta ya cherehani kwenye viungo vya ile mashine, ikaacha kukwaruza. Akaanza kazi.

Aliianza vibaya. Dada yangu hana mwendo wa katikati. Alipanda juu ya ile mashine kama anamalizia sare siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Ta-ta-ta-ta-ta-ta, halafu kimya, halafu nasikia kitanda kinalia kwa uzito. Anahema. Anainuka tena. Ta-ta-ta-ta. Kitanda. Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Ukuta wetu ni mwembamba. Upande wa pili anaishi mzee aliyekuwa dereva wa lori miaka mingi, jina lake mtaani ni Breki. Hazikupita siku nyingi akabisha hodi, akaingia ubavu kama ilivyobidi.

"Mama Pindo, mnapasua mawe humu? Kikombe changu kimeshuka kwenye rafu chenyewe, kama abiria aliyefika kwake."

"Samahani, Mzee Breki. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini, kubomoa nyumba?"

Dada akachukua vipande vya vitambaa vizito, akavishona tabaka juu ya tabaka mpaka likawa zulia dogo nene, tukaliweka chini ya mashine. Kelele zilipungua, hazikuisha, kwa sababu kila kikanyagio kilipofika chini kiligonga chuma.

Siku moja ya mapumziko, jengo la mafundi likiwa tupu, aliniambia twende tukajaribu. Alivaa viatu vya raba, amechangamka. Akapanda kwa kasi ileile ya nyumbani. Alipita pale alipokaa siku ya kuhama, akanigeukia akanyoosha kidole, "Umeona?" Ngazi chache mbele akashika ukuta. Akakaa. Nilikaa karibu naye. Hakulia. Aliivua futi akaikunja ikawa kidonge, akaikunjua, akaikunja tena.

"Bubu," akasema pumzi zilipomrudia, "ile mashine irudishe ulikoitoa. Inanitania."

Tulirudi nyumbani bila neno. Mimi hilo nimelizoea, lakini kwake lilikuwa jambo la kutisha. Mlangoni tulimkuta Mzee Breki anaota jua. Alimtazama dada usoni, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayeuliza bei ya mkaa:

"Hebu niione hiyo mashine inayoniua vikombe."

Dada hakutaka, lakini mzee alishaingia. Basi akapanda juu akamwonyesha. Ta-ta-ta-ta-ta.

"Simama!" mzee akasema, amenyanyua mikono yote. "Mama wee! Unapanda mlima kwa gia namba nne! Lori langu lingekufa kabla ya kona ya kwanza. Mlima na mzigo haupandwi kwa hasira. Unaweka gia ndogo, linanguruma, linakwenda kama kobe, unawaacha wenye haraka wakupite. Lakini huachii. Ukisimama katikati ya mlima, kuling'oa tena ndiyo shughuli."

Dada alibaki amesimama juu ya vikanyagio, kimoja juu, kimoja chini.

"Unasema kama jinzi," akasema polepole.

"Jinzi gani tena?"

"Kushona jinzi kwa cherehani ya miguu. Ukikimbiza, sindano inavunjika. Ukisimama, uzi unajikusanya chini. Unalegeza mguu, lakini hausimami. Wanafunzi wangu wote nimewafundisha hivyo. Nguo nzito, mguu mpole."

"Sasa mwalimu, wewe umefundishwa na nani?" mzee akamuuliza. "Mguu mpole, mama. Na kikombe changu kitapata kuishi."

Pale pale dada akashika ukingo wa meza ya cherehani yake ya zamani, akaanza upya. Safari hii hakukiacha kikanyagio kifike chini kikagonga. Alikigeuza kabla, kama fundi anayehisi sindano inaingia kwenye kitambaa kinene. Mguu ukashuka, mguu ukapanda. Ukutani hapakusikika kitu. Redioni uliimbwa wimbo mmoja, ukaisha, ukaanza mwingine, na bado alikuwa anakwenda.

Tangu siku hiyo chumba chetu kilikuwa na mwendo mwingine. Kwa kuwa daktari alisema awe anaweza kuongea, na mimi si wa kuongea naye, alizungumza na Mzee Breki kupitia ukutani.

"Mzee Breki! Vitunguu leo umeviona bei?"

"Nimeviona! Nimeviacha vilevile!"

Maneno yakianza kumkatika, anapunguza mwendo. Yakirudi, anaendelea. Walibishana juu ya vitunguu, juu ya mvua, juu ya nani mrefu kati ya watu wawili waliokufa zamani. Siku akinyamaza, ukuta unagongwa.

"Mbona kimya? Umefika?"

"Nakunywa maji, mzee!"

"Usizime injini!"

Kisha nikaanza kumwona jioni amekaa na magauni yake, anafumua pembeni. Safari hii hakuwa anatanua. Alikuwa anabana. Kwenye kila gauni kulikuwa na alama za mishono ya zamani, mstari mmoja nje ya mwingine, na yeye alikuwa anarudi ndani, anashona juu ya mstari uleule aliouacha. "Karibu tena," alikuwa akiiambia mishono.

Ikaja jioni ambayo mwanafunzi wake wa zamani, sasa fundi kamili, alikuja akiwa na haraka.

"Shikamoo mama. Marobota ya sare yamefika. Yamepandishwa leo. Na Fundi Suti ameweka redio yake juu ya meza yako."

"Marahaba. Redio?"

"Redio. Na kikombe cha chai."

Dada alisimama. "Chai? Juu ya meza ya kukatia?"

"Chai ya maziwa, mama."

Nilidhani ataondoka saa ileile. Badala yake alivuta mashine chini ya kitanda, akapanda juu yake, akaenda na mguu mpole mpaka hasira zikamtoka. Kisha akasema, "Kesho asubuhi," akaenda kulala.

Asubuhi alivaa gauni la kijani ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka. Mzee Breki alikuwa ameshanyoa ndevu, amevaa koti.

"Unakwenda wapi, mzee?" dada akamuuliza.

"Lori likipanda mlima, lazima awepo wa kutia jiwe nyuma ya gurudumu," akasema. Tukaondoka watatu.

Pale mlangoni kwenye jengo dada alisimama kidogo kuzungumza na mshona viatu anayekaa chini ya ngazi. Sikusikia walichozungumza. Kisha akashika reli, akaweka mguu wa kwanza.

Alianza taratibu sana, hata mtu asiyejua angedhani anaumwa. Habari ilishafika juu. Tulisikia cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine, na vichwa vikajipanga kwenye ukingo wa ghorofa ya nne.

"Mama Pindo huyo!" ilikuwa sauti ya Fundi Suti. "Wekeni kiti pale anapokaaga!"

Wengine wakacheka. Dada aliendelea kupanda. Alipita pale alipokaa mara ya kwanza bila kupatazama. Alipita pale alipokaa mara ya pili, na hapo alinitupia jicho. Ngazi zinapogeuka, ghorofa ya tatu, kuna benchi la wabeba mizigo, na hakuna anayepanda akalipita bila kukaa hata kidogo. Mzee Breki alilifikia akajitupa juu yake, uso umejaa jasho.

"Nenda, mama! Mimi injini imechemka!"

"Jiwe langu je?"

"Huhitaji jiwe! Nenda!"

Akalipita benchi. Kelele za juu zikapungua. Zile ngazi za mwisho ni mbaya kuliko zote, waliozijenga nadhani walikuwa wanataka kwenda nyumbani, zimepanda wima na hazilingani. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Nilimsikia pumzi zinakuwa nzito. Mwendo ukapungua, ukapungua zaidi, na ghafla mguu wake wa kulia ukabaki hewani. Haukushuka. Nilinyoosha mikono nimdake.

Ndipo mkono wake wa kulia ukaachia reli. Ukaenda mbele, peke yake, ukazungusha gurudumu lisilokuwepo, vilevile kama siku ile ya soksi zangu. Na mguu ukashuka mahali pake. Ukafuata wa pili. Na mwingine. Uzi haukukatika.

Akatoka juu.

Alikuwa anahema, kweli, lakini midomo ilikuwa na rangi yake. Alipita katikati ya mafundi mpaka kwenye meza ndefu. Akakishika kikombe cha chai kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akampa Fundi Suti.

"Chai yako itapoa, baba."

Halafu akapitisha mkono juu ya kitambaa cha sare kilichokuwa kimeshachorwa chaki. Mkono ukasimama. Akainama karibu.

"Nani amepima shingo hii? Huyu mtoto kichwa atakitolea mkononi?"

Jengo lote likalipuka kwa kicheko na vigelegele. Walipiga meza kwa mikasi, mwanafunzi wake alikuwa analia huku anacheka, mwenyekiti anafuta miwani. Fundi Suti naye, lazima niseme ukweli, alicheka kuliko wote. Akachukua redio yake akaiweka kwapani, akafuta meza kwa kitambaa chake safi cha mfukoni.

"Karibu mezani, Mama Pindo," akasema. "Mimi nirudi kwa maharusi wangu."

"Asante, baba. Sasa nianze." Akapeleka mkono shingoni. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. "Loo! Futi yangu nimeiacha chini kwa mshona viatu."

Futi zilinyooshwa kutoka kila upande. Mimi nikaanza kushuka nimletee.

"Kaa, Bubu," akasema. "Futi ya mtu haichukuliwi na mtu mwingine."

Na akashuka mwenyewe. Mafundi wakakimbilia ukingoni. Tulimwona akifika chini, akaipokea, akaitundika shingoni, akaziweka sawa ncha zake mbili. Kisha akashika reli akaanza kupanda tena. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, kofi moja kwa hatua moja, na wengine wakamfuata, mpaka ghorofa nzima ikawa inapiga makofi kwa mwendo wa mguu wake. Alipofika kwenye benchi la wabeba mizigo tulimsikia wazi:

"Mzee Breki, bado uko hapa? Nimeshakupita mara tatu, kwenda, kurudi na hii!"

"Pita salama, mama! Piga na honi!"

Siku hiyo alikata sare mpaka jua likazama. Ile mashine bado iko chini ya kitanda, kati ya sanduku na beseni, na kila asubuhi inatoka, isipokuwa siku ambazo Mzee Breki ameiazima, na siku hizo vikombe vinavyoanguka ni vyetu.

Jambo moja tu linanisumbua. Futi ile ilikwenda mpaka mazikoni. Sasa inawezekanaje, siku kubwa kama ile, aisahau chini kwa mshona viatu, hata ikambidi azipande ngazi zile mara ya pili mbele ya mafundi wote? Nimemuuliza zaidi ya mara moja. Hunitazama, anatia chaki kwenye kitambaa, anasema:

"Bubu, siku hizi umekuwa msemaji sana."